Karura: nani aliyeirahisisha njia hii?

Msitu wa Karura hauna kilele cha kushindania. Ukishuka kwenye matatu ya Ruaka au Banana katika Barabara ya Limuru, kilomita chache tu kutoka katikati ya Nairobi, ukalipa kiingilio getini, unajikuta kwenye njia pana ya udongo mwekundu chini ya miti, na kuanzia hapo kazi yako ni kutembea. Njia panda zimewekewa vigingi vyenye nambari ili mgeni asipotee. Miteremko ni ya kawaida, isipokuwa pale unapokaribia mto. Mzee mwenye bakora anaweza, na mtoto wa chekechea anaweza akibembelezwa kidogo. Kabla jua halijawa kali utakuwa umeyaona mapango yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau, maporomoko ya mto Karura, kima na mbega juu ya matawi, na huenda paa mdogo akakatiza njia mbele yako.

Ninachotaka kukichambua ni huo wepesi. Wageni wengi huuona kuwa sifa ya mahali penyewe, kana kwamba Karura ilizaliwa hivyo. Lakini huu ni msitu ule ule ambao miaka ya 1990, na hata baada ya 2000, watu wa Nairobi walikuwa wakiupita kwa gari bila kusimama. Waporaji walijificha humo. Maiti zilitupwa humo. Mwanamke kuingia peke yake alfajiri kukimbia, jambo ambalo leo halimshangazi mtu, halikuwa wazo la mtu mwenye akili timamu. Tangu wakati huo mito haijahama wala mabonde hayajasawazishwa. Waliobadilika ni watu, na jinsi walivyokubaliana kuishi na msitu.

Mabadiliko hayo yana sehemu mbili. Ya kwanza ni kukataa kwa umma kuuona msitu ukigawiwa wajenzi wa nyumba, kisa kinachojulikana dunia nzima kwa sababu ya mwanamazingira Wangari Maathai. Ya pili ni hesabu ya fedha za getini, na hiyo haisimuliwi sana. Mimi nashikilia kwamba ya pili ina uzito sawa na ya kwanza, na kwamba asiyeielewa hawezi kueleza kwa nini misitu mingine ya jiji hilo hilo bado inaogopwa.

Kuni za reli

Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, na ukubwa wake ni takriban hekta 1,041. Hata hivyo, shoka la serikali ya kikoloni lilikuwa limeingia mapema zaidi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na injini za mvuke zilihitaji kuni nyingi mno. Miti ya asili ilikatwa, na mahali pake ikapandwa mikaratusi iliyotoka Australia, kwa kuwa hukua upesi na kunyooka.

Mtembezi wa leo anaikanyaga historia hiyo bila kuambiwa. Kuna sehemu unapita kati ya safu za mikaratusi, mirefu, imenyooka, na chini yake ardhi kavu isiyo na vichaka vingi. Ukisonga mbele kidogo unaingia kwenye msitu wa asili: mutamaiyu, yaani mzeituni wa mwituni, muhugu, ambao wachongaji wa vinyago wanaupenda kwa ugumu wake, mukinduri, na miti mingine mingi iliyosongamana na kupishana urefu. Sikio hutambua tofauti kabla ya jicho. Kwenye mikaratusi kuna ukimya mkubwa, na kwenye msitu wa asili kuna kelele za ndege, hondohondo wakiwa wa kwanza. Orodha ya ndege wa Karura inafikia aina zipatazo 200, na wengi wao wanategemea sehemu hizo za asili kwa matunda, wadudu na viota.

Barabara mbili kubwa, ya Limuru na ya Kiambu, zimeukata msitu vipande vitatu. Cha magharibi kinaitwa Sigiria, na ni kitulivu kuliko vyote. Cha kati ndicho kikubwa, na ndicho watu wengi humaanisha wanaposema wanakwenda Karura. Mito inayokatiza humo, Ruaka, Karura, Gitathuru na Thigiri, humiminikia mto Nairobi, nao huingia Athi, na mwishowe maji hayo hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Kwa hiyo anayetupa chupa mtoni Karura anawatupia watu wa Pwani. (Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yote ya hifadhi nchini Kenya, na getini hukaguliwa. Beba maji kwenye chupa ya kudumu.)

Mapango na marufuku iliyodumu

Ukifuata vigingi kuelekea mtoni utafika kwenye mapango. Ni vyumba vya mwamba pembezoni mwa bonde, vyenye nafasi ya kutosha watu kukaa na kulala, na mbele yake mimea inaziba midomo. Sifa yake kubwa ni ukaribu na jiji. Watu wakisikia Mau Mau huwaza Nyandarua na Mlima Kenya, ambako majeshi ya msituni yalikuwa. Lakini dawa, fedha, nguo, risasi na habari zilitoka Nairobi. Bila mji, msitu wa mlimani usingedumu. Waingereza walilijua hilo vizuri: Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na tarehe 24 Aprili 1954 wakaanzisha Operesheni Anvil, ambapo maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Nairobi walikusanywa, wakachujwa na kupelekwa kizuizini. Lengo lilikuwa kukata mshipa uliounganisha mji na msitu. Mtu akiwa ndani ya pango la Karura anaelewa kwa mwili wake jinsi mshipa huo ulivyokuwa mfupi. Muthaiga, mtaa wa mabwana wenyewe, uko jirani.

Hapa nina lalamiko, na nalisema kwa mapenzi. Watu wengi hukaa mapangoni dakika tano, hupiga picha, na kuondoka kuelekea maporomoko. Siwalaumu. Urithi huu haujasimuliwa inavyostahili, na sababu moja ni ya kisheria: serikali ya kikoloni iliwapiga marufuku Mau Mau, na marufuku hiyo ikabaki katika vitabu vya sheria vya Kenya huru hadi mwaka 2003. Kwa miaka 40 baada ya uhuru, kulitukuza kundi hilo hadharani kulikuwa, kwa maandishi, kulitukuza kundi haramu. Wazee waliokula viapo walikufa wakiwa wamenyamaza. Wale waliojua nani alilala pango lipi, nani alileta uji na kwa njia gani, wengi wameondoka na elimu hiyo. Kinachosimuliwa mapangoni leo ni mabaki ya kumbukumbu kubwa kuliko hiyo, na kila mwaka unaopita unaipunguza. Ningependa kuona chama cha msitu, shule za jirani na Makumbusho ya Taifa wakirekodi sauti za familia za Kiambaa na vijiji vya karibu sasa hivi, kabla ya kufikiria kujenga kibanda kingine cha kahawa.

Maporomoko yenyewe, chini kidogo, yanakaribia urefu wa mita 15. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, maji huwa ya rangi ya udongo na ngurumo yake husikika mapema. Hapo ndipo mahali pekee ambapo ningemshika mtoto mkono bila kumwachia, kwa kuwa ngazi huteleza.

Tarehe 8 Januari 1999

Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu kubwa ya Karura ilikuwa imegawiwa kampuni binafsi kwa ajili ya kujenga nyumba za kifahari. Huo ulikuwa mtindo wa miaka ile: ardhi ya umma ilikuwa hongo ya siasa, ikitolewa kwa wenye ukaribu na mamlaka kisha ikauzwa kwa wengine, hivi kwamba aliyekuja kuhojiwa alikuwa mnunuzi wa tatu mwenye hati mkononi. Wangari Maathai na Vuguvugu la Ukanda wa Kijani (Green Belt Movement), alilolianzisha mwaka 1977 ili kupanda miti, walikuwa tayari wameshazuia ghorofa kubwa lisijengwe Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya jiji, mwaka 1989. Karura ilikuwa ngumu zaidi. Uhuru Park kila mtu aliiona. Msitu ulikuwa umefichwa nyuma ya miti yake na nyuma ya hofu, na watu hawawezi kupigania kwa urahisi mahali ambapo hawajawahi kukanyaga.

Mbinu ya Maathai ilikuwa miche. Oktoba 1998 vifaa vya wajenzi viliteketezwa na waandamanaji. Tarehe 8 Januari 1999 alirudi na wanachama wa vuguvugu, wabunge sita wa upinzani, waandishi wa habari na waangalizi wa kigeni, nia ikiwa ni kupanda mti mmoja. Getini walikutana na kundi kubwa la wanaume waliokuwa na silaha. Walishambuliwa. Maathai alijeruhiwa kichwani, wabunge wanne waliumizwa, pamoja na baadhi ya waandishi na wanamazingira kutoka Ujerumani. Aliporipoti kwa polisi, polisi walikataa kurudi naye msituni kuwakamata washambuliaji. Lakini tukio lilikuwa limerekodiwa kwa kamera, na picha zikazunguka ulimwengu. Makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa yako Gigiri, upande wa pili wa msitu huo huo; aibu ilikuwa mlangoni pao. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Moi alitangaza kusitisha ugawaji wote wa ardhi ya umma.

Mwaka 2004 Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, na mwaka huo huo ripoti ya Tume ya Ndung'u kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ikaeleza kwa kina jinsi misitu, bustani na viwanja vya umma vilivyonyakuliwa nchini kote. Simulizi nyingi za Karura huishia hapo, kwa ushindi. Na hapo ndipo zinapokosea.

Ushindi uliobaki bila mtembezi

Mwaka 2004 Karura ilikuwa imeokoka, na bado hakuna aliyekwenda kutembea. Jambo hili linahitaji kutazamwa polepole. Msitu ulikuwa wa umma kwa sheria, miti ilikuwa imesimama, mnyakuzi alikuwa amezuiwa, na mama wa mtaa jirani wa Parklands bado asingeweza kumpeleka mwanawe humo Jumapili. Kuzuia unyakuzi kulifanya msitu usiwe wa mtu mmoja. Hakukuufanya uwe wa watu wote. Wakati huo wakataji wa mbao waliingia usiku, wachoma makaa waliingia, na walinzi wachache wa serikali hawakuweza kuwa kila mahali.

Kando ya msitu kuna kijiji cha Huruma. (Msomaji wa Nairobi asichanganye: sisemi Huruma ile ya karibu na Mathare. Hii ni makazi ya watu wa kipato cha chini yaliyobanwa kati ya msitu na mtaa wa kitajiri wa Runda.) Kwa familia za Huruma msitu ulikuwa jiko. Wanawake walitafuta kuni humo. Vijana waliokosa kazi waliujua kila kona, na kila jambo baya lilipotokea, vidole vilielekezwa kwao kwanza.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ndiyo iliyofungua mlango. Iliunda Shirika la Huduma za Misitu, maarufu kama KFS, lililoanza kazi mwaka 2007, na ikaruhusu jamii zinazopakana na msitu kuunda vyama vya kusimamia msitu kwa pamoja na serikali. Mwaka 2009 kikaundwa chama cha Marafiki wa Karura. Kiliwaunganisha watu ambao kwa kawaida hawakai meza moja: wakazi wa Runda, Muthaiga na Gigiri wenye uwezo wa kuchangisha fedha, na wakazi wa Huruma wenye kuujua msitu. Ua wa umeme ulijengwa kuuzunguka kwa michango ya wafadhili. Vijana wa Huruma wakafunzwa na kuajiriwa kuwa askari wa doria na watengeneza njia. Wanawake wakapewa utaratibu wa kuokota kuni zilizoanguka. Mwaka 2011 msitu ukafunguliwa rasmi kwa watembezi. Maathai alifariki tarehe 25 Septemba mwaka huo huo.

Wapo wanaosema ua ndio uliookoa Karura. Nakubali nusu. Waya peke yake hukatwa. Ua wa Karura haukatwi kwa sababu wale ambao wangejua pa kuukatia ndio wanaoulinda, na mshahara wao hutoka getini. Kwa miaka mingi Mkenya mtu mzima alilipa shilingi 100 na mtoto shilingi 50, kwa M-Pesa, na mapato yalirudi kwenye msitu wenyewe: mishahara ya doria, ukarabati wa ua, madaraja, vyoo, vigingi, miche ya asili ya kujaza pale mikaratusi ilipovunwa. Watembezi wakiongezeka, fedha huongezeka. Fedha zikiongezeka, doria hupanuka. Doria ikipanuka, mwanamke anakimbia peke yake na kumwambia dada yake, naye anakuja. Hivyo ndivyo woga ulivyoondoka Karura: malipo madogo ya kila mtembezi yalimpa kijana wa jirani kazi halali, na kazi yake ikamrudishia mtembezi amani.

Matunda yameonekana hata kwa wanyama. Mbega weusi kwa weupe walikuwa wametoweka Karura. Kuanzia mwaka 2014 makundi yao yaliletwa kutoka Kipipiri, kaunti ya Nyandarua, ambako walikuwa wakiuawa kwa kugombana na wakulima, na sasa wanazaliana juu ya vichwa vya watembezi. Mnyama wa aina hiyo hahamishiwi mahali ambapo mti wake unaweza kukatwa usiku.

Msitu wa pili wa jiji

Kulinganisha kunasaidia. Msitu wa Barabara ya Ngong ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka ule ule wa 1932, katika jiji lile lile, ukiwa mkubwa kuliko Karura, karibu hekta 2,900. Uliobaki chini ya ulinzi ni hekta 1,224. Sehemu zilitolewa kwa matumizi haya na yale, na barabara kuu ya Southern Bypass ikapita ndani yake. Una miti mizuri ya asili, una ndege, na kuna wazalendo wanaojitahidi huko, hasa upande uliozungushiwa ua. Lakini muulize mtu wa Nairobi atakapompeleka mgeni wake kutembea Jumamosi, uone atataja upi.

Sidhani tofauti ni uzuri wa msitu. Ngong haikupata kwa wakati mmoja mambo yale yaliyokutana Karura: majirani matajiri wenye sababu binafsi ya kutaka usalama, jirani maskini aliyepewa nafasi ya kweli, sheria mpya, jina kubwa la Maathai, na geti lenye mapato yasiyoondoka. Ukiondoa utajiri wa Runda na Gigiri hesabu huwa ngumu zaidi, na ni haki kulisema hilo wazi, maana wanaotaka kuinakili Karura Kisumu au Nakuru wasidhani kuna siri ya kiroho tu. Mtaji wa mwanzo ulitoka kwa wenye nacho.

Agosti 2025 na kuendelea

Mwishoni mwa Agosti 2025 KFS iliagiza kwamba viingilio vyote vya Karura vilipwe kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo. Marafiki wa Karura walipinga, na suala likafika mahakamani. Jijini watu walilishughulikia kwa hisia kali kuliko wanavyoshughulikia bei ya unga, na wapo waliowacheka kwa hilo. Mimi siwacheki.

Hoja ya serikali ina mantiki yake. Msitu ni mali ya umma, fedha zinazokusanywa kwenye mali ya umma ni za umma, na serikali imeamua kwamba huduma zake zote zilipiwe mahali pamoja panapoweza kukaguliwa. Chama cha kiraia kinachoshika fedha za umma kwa miaka mingi lazima kiwe tayari kufungua vitabu vyake. Anayependa Karura aikubali hoja hiyo bila kununa.

Lakini mfumo wa malipo hauwezi kutenganishwa na kazi inayofanywa na fedha hizo. Mti ukiangukia ua usiku wa mvua, waya lazima urudishwe kesho yake asubuhi. Askari wa doria kutoka Huruma lazima alipwe mwisho wa mwezi. Fedha zikipanda hadi hazina kuu, kushuka kwake hupitia bajeti, migao na vipaumbele vya taasisi nzima yenye misitu mingi na mahitaji mengi. Hata kila mtu akiwa mwaminifu kabisa, kuna kuchelewa, na kuchelewa ndiko kunakorudisha msitu wa mwaka 2004. Kijana akikaa miezi mitatu bila mshahara ataondoka kwenye doria, na ujuzi wake wa njia za msituni ataondoka nao.

Kwa hiyo swali ambalo ningeliweka mbele ya pande zote mbili halihusu nambari ya kulipia. Ni hili: katika kila shilingi 100 ya getini, ni kiasi gani kitarudi Karura, ndani ya siku ngapi, na nani atachapisha hesabu hizo hadharani? Kama KFS inaweza kuandika jibu hilo kwenye mkataba unaofungamanisha, eCitizen haina ubaya. Kama haiwezi, basi Marafiki wa Karura wana haki ya kung'ang'ania geti, nao wachapishe hesabu zao kila robo mwaka, ukutani, pale pale tunapolipia.

Kuna jambo jingine ambalo mabishano haya yamelifunika, nalo ni nani hasa anayetembea. Kwa bei ile ya zamani, wazazi wawili na watoto watatu walilipa shilingi 350, bila nauli ya matatu kwenda na kurudi. Kwa familia ya Kawangware au Mathare hiyo ni fedha ya chakula. Msitu uliookolewa kwa damu ya watu waliosema ni wa wote umeanza kufahamika kama bustani ya wenye mbwa wa kizungu na baiskeli za bei. Sitaki kiingilio kifutwe, nimeshaeleza kwa nini. Nataka siku moja kwa mwezi iwe ya bure kwa wakazi wa kaunti, na shule za umma ziingie bila malipo kila siku ya masomo, zikiongozwa na vijana wale wale wa Huruma. Mtoto aliyeketi ndani ya pango la Mau Mau akiwa darasa la tano hatahitaji kushawishiwa akiwa na miaka 30 kwamba upanuzi wa Barabara ya Kiambu usimege msitu zaidi ya inavyobidi. Mjadala huo nao tayari upo.

Kwa anayetaka kwenda

Ukienda mara ya kwanza, ingilia geti la Barabara ya Limuru, uelekee mapangoni na kwenye maporomoko, kisha urudi kwa njia ya ziwa la mayungiyungi, ambalo ni machimbo ya mawe ya zamani yaliyojaa maji. Saa mbili hadi tatu zinatosha kwa hatua za mazungumzo. Njia zote kwa jumla zinazidi kilomita 50, kwa hiyo hakuna haja ya kuona kila kitu. Anayekuja kwa matatu ya Kiambu ataingilia upande wa pili. Humo njiani utapita pia tanuri la zamani lililotumika kuchomea noti chakavu za Benki Kuu, jambo ambalo watoto hulipenda kuliko historia yote niliyoandika hapa.

Vaa viatu usivyovionea huruma, hasa Aprili, maana udongo ule mwekundu hautoki. Usiwape kima chakula. Kima aliyezoea mkate hugeuka mwizi, na mwizi huishia kuuawa. Ukikutana na askari wa doria, msalimie na umuulize anatoka wapi. Akikwambia Huruma, mpe dakika zako tano ulizokuwa umezitenga kwa picha, umwombe akueleze msitu ulikuwaje alipokuwa mtoto.